Mtaka cha Mvunguni

Mwaka jana, nilipokuwa Kidato cha Tatu, hapakuwa na mwanafunzi katika bweni letu aliyejivuna kuliko mimi. Sikujivuna kwa masomo, maana hesabu zilinishinda mara nyingi. Nilijivuna kwa nguvu za miguu.

Nyuma ya karakana ya shule yetu pana mahali pa kunyanyulia vitu vizito. Wanafunzi wenzangu wanapafahamu, lakini kwa ajili ya wazazi na wageni watakaosoma gazeti hili nitapaeleza. Pana nguzo mbili zenye panda zilizochimbiwa ardhini, na juu ya panda hizo hulazwa bomba nene la chuma. Mizigo yetu ni magurudumu ya zege tuliyoyamimina wenyewe katika mabeseni na makopo ya rangi, kila moja likiwa na tundu katikati. Tuliyapima kwa mizani ya stoo, ile ya kupimia magunia ya mahindi, kisha tukaandika uzito wa kila moja kwa rangi nyeupe. Mtu huingia chini ya bomba, hulipokea mabegani, hurudi nyuma hatua mbili, huchuchumaa, kisha huinuka. Mchezo wenyewe ndio huo.

Mimi nilikuwa nikichuchumaa na kilo 80, na mwenyewe nilikuwa na kilo 61 tu. Jioni wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza walikuja kunitazama. Mmoja wao, kijana mwembamba anayelala kitanda cha chini yangu, alikuwa akinishikia taulo na kunihesabia kwa sauti kubwa: moja, mbili, tatu, mpaka tano. Nilipomaliza walipiga makofi. Nami niliyapenda makofi yale kuliko chakula.

Sasa ni lazima niseme kwamba mchezo huu una sheria. Chama cha dunia cha mchezo huu wa nguvu kiliundwa mwaka 1972, na sheria yake juu ya kuchuchumaa haina mafumbo. Mtu ashuke mpaka uso wa juu wa paja, pale linapokutana na nyonga, uwe chini ya ncha ya juu ya goti. Asipofika hapo, hata akibeba nyumba, hakuchuchumaa. Waamuzi ni watatu, na kila mmoja hutoa taa nyeupe au nyekundu. Nyeupe mbili zatosha. Kila mchezaji hupewa nafasi tatu.

Katika mashindano ya mabweni ya mwezi wa Oktoba mwaka jana, mwalimu wetu wa michezo aliamua tufuate sheria hiyo. Kwa kuwa hatuna taa, waamuzi walipewa vitambaa. Niliita kilo 80 nafasi ya kwanza, nikashuka, nikainuka, nikatabasamu. Vitambaa vitatu vyekundu! Nilirudia uzito ule ule. Vyekundu vitatu. Mara ya tatu nikarudia tena kwa hasira, navyo vikawa vyekundu kama kwanza. Basi mimi niliyetegemewa na bweni zima sikupata hata alama moja, na bweni letu likawa la mwisho.

Usiku ule nilisema maneno mengi. Nilisema waamuzi wananionea wivu. Nilisema kushuka chini sana kunaharibu magoti, na kwamba mimi ni mtu mwenye akili, nayatunza magoti yangu. Wenzangu wengine waliitikia. Taa zilipozimwa nikasikia sauti ndogo kutoka kitanda cha chini.

"Kaka, naomba kuuliza."

"Uliza."

"Siku zote mimi ndiye niliyekuhesabia. Je, nilikuwa nahesabu vibaya?"

Nilimwambia alale. Lakini mimi mwenyewe sikulala upesi, maana nililijua jibu. Kijana yule alihesabu alichoonyeshwa. Aliyekosa ni aliyemwonyesha.

Mwezi wa Desemba nilikwenda likizo kwetu Muheza. Bibi yangu, mama yake baba, anakaa nasi. Zamani, nilipokuwa mtoto, bibi alikuwa akipalilia mihogo tangu asubuhi, na akipumzika alichuchumaa kivulini bila kiti cha kukalia. Safari hii nilimkuta jikoni ameketi juu ya kigoda, anamenya muhogo. Alipotaka kuinuka alishika mwimo wa mlango kwa mkono mmoja, akajaribu, akarudi chini. Akajaribu tena, akarudi. Kisha akanitazama.

"Mume wangu," akasema, kama bibi zetu wanavyotutania, "nipe mkono. Tangu baba yako aniletee kile kiti kirefu cha sebuleni, kigoda kimenishinda. Miguu imenisahau."

Nilimvuta akasimama. Alikuwa mwepesi mno, nami nikaona haya kidogo, sijui kwa nini. Baadaye nilitoka nje, nikachuchumaa peke yangu kando ya ukuta, mpaka chini kabisa. Sikupata taabu yoyote. Nani katika shule ya bweni asiyejua kuchuchumaa? Vyoo vyetu vinatufundisha kila asubuhi. Basi magoti yangu yalikuwa mazima, na njia ya kushuka yalikuwa yanaijua. Kitu gani kilinizuia nilipokuwa na mzigo? Nilijiuliza nikajijibu: ni hofu. Nilipofika nusu ya safari nilihofu kwamba nikishuka zaidi sitainuka, na watu wananitazama. Kwa hiyo nikawa narudi njiani na kusema nimefika.

Shule ilipofunguliwa mwezi wa Januari nilimwendea mwalimu wa michezo nikamweleza yote. Sikumficha hata lile la magoti. Mwalimu hakucheka. Aliniambia kwamba neno lile la magoti lina historia yake. Mwaka 1961 mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Texas, Karl Klein, alitangaza kwamba kuchuchumaa chini na mzigo kunalegeza kano za goti, na watu wengi wakaogopa. Lakini watafiti waliomfuata walipopima hawakuona hivyo kwa mtu mzima wa afya anayeongeza mzigo kidogo kidogo. "Goti huumizwa zaidi na haraka na majivuno," alisema mwalimu.

Kisha akanipa habari iliyonishangaza. Katika miaka ya 1960, katika mji wa Culver City huko California, Marekani, palikuwa na kikundi cha wanyanyuaji kilichoitwa Westside Barbell Club. Miongoni mwao walikuwa Bill West, na George Frenn aliyekuwa pia mrusha nyundo. Watu hao, ambao nguvu zao zilisifiwa, walifanya mazoezi ya kuchuchumaa kwa kukaa juu ya sanduku. Baadaye Louie Simmons wa Columbus, Ohio, aliyefariki mwaka 2022, aliichukua njia ile pamoja na jina la kikundi, akaieneza duniani. Nilifikiri moyoni: wale mabingwa walikuwa wakikaa, na mimi ninaona haya?

Fundi seremala wa shule alitusaidia kutengeneza sanduku kwa mbao za madawati mabovu. Sanduku lenyewe lilikuwa na kimo cha sentimita 34, pana na imara, haliyumbi. Juu yake tuliweka vibao sita, kila kimoja unene wa sentimita 2, vyenye vijiti vya kuvizuia visiteleze. Vibao vyote vikiwapo, kimo kilikuwa sentimita 46. Mwalimu alinikalisha bila mzigo, akapima miguu yangu. Kwa urefu wangu, nikikaa kwenye sentimita 38 mapaja yanalala sawa na ardhi. Nikikaa kwenye 36 nimekwisha itimiza sheria. "Sasa," alisema, "sanduku ndilo mwamuzi wako. Halina wivu wala upendeleo."

Nitaeleza namna ya kufanya, maana wenzangu wengi wameniuliza. Kwanza mtu asimame mbele ya sanduku, miguu imepanuka kuliko mabega, vidole vimetazama nje kidogo. Avute pumzi na kukaza tumbo. Asianze kwa kukunja magoti kwenda mbele, bali apeleke makalio nyuma kama mtu anayetafuta kiti, na magoti yafuate njia ya vidole vya miguu. Ashuke polepole mpaka akae. Hapo atulie kwa muda wa kuhesabu moja, lakini asilegee: mgongo ubaki umenyooka na tumbo limekazwa. Kisha asukume ardhi kwa miguu ainuke. Asijitikise mbele na nyuma ili kupata nguvu ya kuinukia.

Tena asijibwage. Hili mwalimu alilisema mara nyingi mpaka tukalikariri. Mtu akijitupa juu ya sanduku akiwa na mzigo mabegani, uti wa mgongo unabanwa kati ya vitu viwili kama punje kati ya mawe ya kusagia. Kwa sababu hiyo hatukuruhusiwa kufanya peke yetu; daima watu wawili walisimama kando, mmoja kila upande wa bomba.

Na kwa nini sanduku linatia nguvu? Mtu akishuka na kuinuka mara moja, misuli na kano zake hufanya kama mpira wa manati: zimevutwa, zinarudi zenyewe, zinamsaidia. Akitulia juu ya sanduku, sehemu kubwa ya msaada ule hupotea. Inambidi aanze safari kutoka kimya, kwa nguvu zake mwenyewe, na pale pale penye ugumu. Maana karibu na pale mapaja yanapolala sawa na ardhi, nyonga na magoti huwa mbali zaidi na mstari wa mzigo, na mzigo ule ule hulemea zaidi. Nusu yangu ya safari ilikuwa rahisi kwa sababu nilikuwa nageuka kabla ya mlima kuanza.

Basi nikaanza. Mwalimu aliniwekea kilo 40. Hebu fikirini: mtu wa kilo 80 anakalia sanduku lenye vibao sita na kilo 40 mabegani! Wenzangu walikuja kunitazama kama zamani, lakini safari hii walikuja kucheka. Siku ya pili nilikwisha pata jina. Waliniita Babu Kigoda. Nilipopita bwaloni na sahani yangu ya ugali na maharage, mtu alivuta benchi na kusema, "Babu, karibu ukae." Nakiri kwamba wiki ya kwanza nilitaka kuacha. Kilichonizuia ni kwamba kijana wa kitanda cha chini aliendelea kuja na taulo langu, naye hakucheka.

Tulifanya Jumanne na Ijumaa, mikupuo mitano ya mara tano tano. Kila baada ya wiki mbili, kama nimefanya vizuri, kibao kimoja kiliondolewa. Kibao cha kwanza kiliondoka, cha pili kikaondoka, cha tatu pia, sanduku likawa sentimita 40. Kilo nazo zikapanda mpaka 50. Nikaanza kujisifu tena moyoni.

Kibao cha nne kilipoondoka nilikwama. Kwenye sentimita 38 niliketi, nikahesabu moja, nikasukuma, na mwili haukuondoka. Wenzangu wa kando walilishika bomba. Jaribio la pili nilijitikisa, nikainuka, nikadhani sikuonekana. Mwalimu alisema, "Kijana, unaanza tena kumdanganya mhesabu?" Neno lile lilinichoma. Akapunguza mzigo mpaka kilo 35. Nilibaki pale, kilo 35 juu ya sentimita 38, Jumanne na Ijumaa, kwa majuma mawili. Hapo ndipo nilipojifunza zaidi kuliko siku zote za makofi. Niligundua kwamba nilipokuwa nikiinuka magoti yangu yalikuwa yanaingia ndani, na kifua kinaanguka. Kwa mzigo mdogo niliweza kurekebisha. Kwa mzigo mkubwa nisingejua hata kosa liko wapi.

Likizo fupi ya Pasaka ikafika, nikaenda nyumbani. Nilimkuta bibi akivutwa na mdogo wangu kutoka kwenye kigoda. Hapo wazo likanijia. Nilimwambia, "Bibi, na wewe tutakuwekea vibao." Alicheka sana. Nilikichukua kile kiti kirefu cha sebuleni nikakiegemeza ukutani kisiteleze, nikaweka juu yake khanga mbili zilizokunjwa. Nilimwomba akae polepole, kisha ainuke bila kushika kitu, nami nimesimama mbele yake mikono tayari. Akaweza. Mara tano, akapumzika, mara tano tena. Nilimwonyesha mdogo wangu jinsi ya kusimama karibu naye, tukakubaliana wafanye kila siku baada ya chai. Akiona ni rahisi, waondoe khanga moja. Kisha ya pili. Kisha waende kwenye kiti kifupi cha baba. Na kigoda kiwe mwisho.

Niliporudi shuleni vibao viwili vilivyosalia viliondoka kwa zamu. Mwisho wa mwezi wa Aprili nilikuwa nakaa juu ya sanduku tupu, sentimita 34, na kilo 50. Lakini kazi haikuwa imekwisha. Katika mashindano hakuna sanduku, na siku ya kwanza niliyochuchumaa bila hilo nilihisi kama mtu anayeketi gizani asijue kama kiti kipo. Nusura nirudie tabia yangu ya zamani. Mwalimu akafunga uzi mwembamba kati ya vijiti viwili, kwenye kimo cha sentimita 36. Uzi hauwezi kumbeba mtu, lakini unamwambia amefika. Baada ya wiki tatu tukauondoa na uzi.

Mashindano yalifanyika wiki ya mwisho ya mwezi wa Mei. Nafasi ya kwanza niliita kilo 60. Wengine walinong'ona, maana walizikumbuka zile 80. Nikashuka mpaka mahali ninapopafahamu sasa kama mlango wa bweni letu, nikainuka. Vitambaa vitatu vyeupe. Nafasi ya pili, kilo 65: vyeupe viwili na chekundu kimoja, nikakubaliwa. Nafasi ya tatu, kilo 70, nilishuka vizuri lakini sikuinuka. Wenzangu walilipokea bomba. Nikawa wa pili. Mshindi alinizidi kilo 5.

Wala sikuhuzunika. Mwaka jana nilishindwa na kilo 80 ambazo hazikuwa zangu. Mwaka huu nina kilo 65 na hakuna anayeweza kuninyang'anya. Jioni ile, mbele ya wadogo zetu wote, nilisema kwamba yale niliyowaambia juu ya magoti yalikuwa ya kujificha, na kwamba kijana wa taulo hakuwahi kuhesabu vibaya. Yeye aliinama akatazama viatu vyake. Siku hizi anafanya mazoezi mwenyewe, na bomba tupu, juu ya sanduku lenye vibao vinne.

Shule ilipofungwa mwezi wa Juni nilifika nyumbani jioni. Bibi alikuwa jikoni juu ya kigoda, moto umewaka, anapepeta mchele. Nilimwamkia. Alipoitikia aliweka ungo kando, na kwa desturi nikanyosha mkono. Hakuushika. Aliviweka viganja vyake juu ya magoti, akainama mbele kidogo, akavuta pumzi, akainuka. Alikwenda polepole, na katikati nilidhani atarudi, lakini hakurudi. Akasimama, akanitazama kama mtu aliyenishinda mchezo.

"Mtaka cha mvunguni?" akaniuliza.

"Sharti ainame," nikajibu.

Sasa nimo katika matayarisho ya mtihani wa mwisho wa mwezi wa Novemba, na nyuma ya karakana naenda mara moja tu kwa wiki. Sanduku lipo pale pale, limefunikwa turubai lisinyeshewe. Mwenzangu yeyote anayetaka kulitumia na alitumie, lakini amwone mwalimu kwanza, awe na watu wawili wa kando, na aanze na vibao vyote sita. Na akiitwa Babu Kigoda, aitike.